Maswali na majibu: kusoma jenomu (DNA yote) za bakteria sugu kwa dawa

Muuguzi, Tukuyu: Watoto wachanga wanne wa wodi moja wamepatikana na bakteria aina ya Klebsiella, wote sugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni. Si ushahidi tosha kwamba wameambukizana?

Hapana. Seftriaksoni siku hizi inashindwa na Klebsiella za koo (nasaba) nyingi, hivyo kufanana kwenye kipimo cha usugu wa dawa si undugu. Jenomu ya Klebsiella ina herufi za DNA kama milioni 5.5. Sampuli mbili zikitofautiana kwa herufi chini ya 20 hivi, shuku chanzo kimoja cha karibuni. Zikitofautiana kwa maelfu, kila mtoto kaja na wake. Hiyo 20 si amri, maana sampuli zilizopishana mwaka mzima huwa zimeshaongeza tofauti. Halafu kuna plasmidi, kipande cha DNA kinachohama baina ya bakteria kikiwa na jeni ya usugu kama CTX-M-15. Hapo bakteria watakuwa wa koo tofauti kabisa na tatizo likabaki lile lile. Mashine zinazosoma DNA kwa vipande vifupi, herufi 150 hivi, mara nyingi hushindwa kuunga plasmidi nzima. Ombeni sampuli chache zisomwe kwa vipande virefu. Na msingoje majibu: kagueni leo sinki, mashine ya saksheni (ya kufyonza makamasi), na chupa ya kuyeyushia dawa inayochotewa watoto zaidi ya mmoja.

Mtaalamu wa maabara, Mafinga: Sampuli zangu za kusomwa jenomu zimerudishwa, eti ni mchanganyiko wa bakteria. Kosa liko wapi?

Kwenye sahani ya kuoteshea. Umekwangua koloni (vidoa vya bakteria walioota) kadhaa kwa mpigo. Gusa koloni moja, ipande sahani mpya, iache usiku kucha kwenye nyuzi 37, kisha rudia. Ndipo utoe DNA, na bakteria wengine uwahifadhi kwenye gliserini ya asilimia 20 katika friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Jenomu ya Klebsiella ikiungwa ikafika milioni 10 au 11, una bakteria wa aina mbili. Usibishane na kompyuta. DNA ipime kwa floromita, kifaa kinachotumia rangi inayong'aa ikishika DNA, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mwanga huhesabu na RNA, unajiona tajiri kumbe huna kitu. Klebsiella wenye ute mzito huziba kichujio cha kutolea DNA, basi anza na bakteria wachache. Lenga kila herufi isomwe mara 50. Chini ya 30, tofauti za herufi mojamoja usiziamini.

Wengi, Mbeya na Iringa: Mashine ya kusoma jenomu bei gani?

Swali hili tena! Nionesheni kwanza fomu ya maabara yenye tarehe ya kulazwa, wodi, kitanda na tarehe ya sampuli. Bila hizo, jenomu safi kabisa haitasema nani alilala jirani na nani.

Daktari, Njombe: Jenomu itaniambia nimpe mgonjwa dawa gani?

Kwa Klebsiella, fuata kipimo cha maabara cha usugu wa dawa: jeni inaweza kuwepo na isifanye kazi, na usugu mwingine hutokana na bakteria kupoteza vitundu vya ukuta wake. Kifua kikuu ni habari nyingine. Kuotesha huchukua wiki kadhaa, na mabadiliko kwenye jeni ya rpoB hueleza vizuri usugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu.

Mfugaji, Uyole: Bakteria wa hospitali wanaweza kuwa wametoka kwa kuku wangu?

Wanaweza, ila jenomu huonesha undugu kuliko nani kamwambukiza nani. Zitahitajika sampuli za bandani na za wodini za miezi mingi. Wewe acha kuwanywesha kuku wazima OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) "kwa kinga". Na ukishamtibu aliyeugua, mayai yake usiyauze kabla ya kuisha siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa.