Safari Nayo ni Kazi: Ushauri kwa Mpiga Gitaa Anayezunguka na Bendi

Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikilala nje ya nyumba yangu ya Kisumu karibu kila mwisho wa juma, nikipiga gitaa la solo katika harusi, matanga na hoteli kuanzia Busia hadi Nakuru. Vijana wanaonijia baada ya onyesho huniuliza nilivyovizoeza vidole vyangu kukimbia. Ni wachache mno wanaouliza namna ya kuishi kwa kazi hii, na hilo ndilo ningependa kulieleza, kwa sababu nimewaona wapigaji hodari kuliko mimi wakiyauza magitaa yao kabla ya kutimiza miaka thelathini.

Kosa lililonigharimu kwa muda mrefu lilikuwa kuhesabu saa za jukwaani peke yake. Mteja akiniambia tutapiga kwa saa nne Kakamega, nami nilitaja bei ya saa nne, bila kuhesabu muda wa kupakia vyombo, mwendo wa barabarani, kufunga amplifaya na kujaribu sauti, wala siku ya pili yake ambayo mwili haukufaa kwa kazi yoyote. Kisha ikatokea harusi moja upande wa Bungoma ambako mwenyeji wetu alitujulisha usiku wa manane kwamba fedha zote zilikuwa zimeishia kwenye chakula, tukarejea Kisumu kwa nauli ya kukopa. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla arbuni haijaingia kwenye M-Pesa, nayo ni nusu ya malipo pamoja na nauli yote ya kwenda na kurudi. Makubaliano huyaandika hata kama mwenyeji ni binamu yangu: tutaanza saa ngapi, tutamaliza saa ngapi, tutalala wapi, na nani atalipia umeme au jenereta. Matanga ya jirani ni jambo jingine, kwani huko huenda nikapokea nauli tu au nisipokee chochote, lakini uamuzi huo naufanya nikiwa bado nyumbani, ili nikifika niomboleze na wafiwa bila kinyongo.

Gitaa lenyewe linaisikia safari kuliko mpigaji. Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina joto na unyevu. Nakuru iko kwenye takriban mita 1,850, na hewa ya huko ni baridi zaidi. Mbao hunyonya unyevu na kuutoa, kwa hiyo gitaa lililorekebishwa vizuri Ijumaa asubuhi Kisumu linaweza kufika Nakuru jioni shingo ikiwa imejipinda kidogo na nyuzi zikikwaruza vyuma vya shingoni. Msilitoe kwenye sanduku na kulipiga papo hapo. Liacheni lizoee hewa ya chumba, kisha mlilinganishe nyuzi, na ikiwa ni lazima kuzungusha chuma kinachonyosha shingo, zungusheni robo mzunguko tu na mlinganishe upya. Mimi hubeba seti mbili za nyuzi, kwani jasho na unyevu wa ziwa huzitia kutu upesi. Kwenye matatu sikubali gitaa lifungwe kwenye keria juu ya paa. Nalilipia kiti chake, na gharama hiyo imo ndani ya bei niliyompa mwenyeji.

Masikio ni chombo cha pili, na chenyewe hakina duka la vipuri. Kikomo cha ukubwa wa sauti kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda ulio salama unapungua kwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 hubaki dakika 15 tu. Bendi yenye ngoma na spika kubwa hufika hapo bila taabu. Nilianza kutumia vizibo vya masikio nikiwa nimechelewa, na mlio mwembamba katika sikio langu la kushoto haujaniacha.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kujifunza njiani. Mpigaji anayezunguka na solo moja tu atachokwa upesi, kwa sababu kila mji una masikio yake. Katika benga, muziki wa gitaa wa Waluo, wasikilizaji huusubiri wakati ambapo waimbaji hunyamaza na gitaa la solo likashika usukani, na mpigaji aliyewahi kuisikiliza kwa makini nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, huutambua mwendo wake ndani ya solo hiyo. Upande wa Butere, alikotoka mpiga gitaa George Mukabi, kuna mtindo uitwao omutibo, ambamo kidole gumba hushika besi huku kidole cha shahada kikiupiga wimbo. Nilikuwa nikiudharau mtindo huo nikidhani ni wa wazee, mpaka mzee mmoja wa huko aliponikalisha kwenye baraza lake tangu asubuhi hadi alasiri. “Mwanangu,” aliniambia, “gumba lako halina kazi, na ndilo ngoma yako.” Nilirudia mwendo mmoja kwa miezi mitatu kabla haujatulia mkononi, na leo ndio unaonipatia mialiko mingi zaidi Kakamega na Vihiga. Ukifika mji mgeni, waulize wenyeji ni nani anayepiga gitaa, umwendee kwa adabu kabla ya onyesho.

Neno langu la mwisho linahusu usiku. Daniel Owino Misiani, aliyeiongoza bendi ya benga ya Shirati Jazz kwa miongo mingi, alifariki mwaka 2006 katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu, na hakuna mpigaji wa kanda hii asiye na mwenzake aliyempoteza njiani. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukimaliza kupiga saa kumi usiku na kuondoka papo hapo, dereva akiwa amekesha pamoja nasi. Siku hizi malazi yamo katika makubaliano, na mwenyeji asiyeweza kuyatoa simkubalii kazi. Tukipiga Nakuru Jumamosi, tunalala huko huko, tunakunywa chai bila haraka, na watoto wangu wanajua kwamba baba atafika Jumapili alasiri.