Vidirisha viwili vyekundu mgongoni mwa Baby Pearl

SWALI: Shikamoo fundi. Ninasoma Yokohama, na mwezi uliopita nilinunua kamera ndogo ya kukunja kwenye soko la mitumba. Inaingia mfukoni kabisa. Imeandikwa Baby Pearl, na kwenye ukingo wa lenzi kuna maneno Hexar na Rokuosha. Muuzaji aliniambia ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Rafiki yangu anasema ni kopi tu ya kamera ya Kijerumani. Kinachonitatiza zaidi ni mgongoni: kuna vidirisha viwili vyekundu badala ya kimoja. Je, ni ya lini, ni kopi kweli, na bado inaweza kupiga picha?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa jicho lako. Nianze na hivyo vidirisha, kwa sababu ukishavielewa utakuwa umeielewa kamera yenyewe.

Mkanda wake wa filamu ni namba 127. Kodak waliutoa mwaka 1912 pamoja na kamera yao ya Vest Pocket, yaani ya mfuko wa kizibao. Japani waliipenda kamera ile kuliko unavyoweza kudhani. Waliikatia jina wakaiita Besutan: "besu" ni hicho kizibao, na "tan" ni kwa sababu ya lenzi yake sahili. Wapiga picha wa enzi hizo walikuwa na mtindo wa kuing'oa pete ya chuma iliyo mbele ya lenzi ile, ili mwanga uingie kwa wingi na picha itoke laini, yenye ukungu kama asubuhi ya masika. Ukubwa wa picha ya mkanda huo, sentimita 4 kwa 6.5, nao ukabaki na jina la besuto.

Mkanda mmoja ulitoa picha 8. Mgongoni mwa filamu kuna karatasi nyeusi iliyochapwa namba, 1 mpaka 8, na mpiga picha alizisoma kupitia kidirisha chekundu huku akizungusha. Wakatokea mafundi wakajiuliza: mbona tusiigawe kila fremu mara mbili? Sentimita 6.5 ukizikata kati unapata 3 na ushee. Picha ikawa 3 kwa 4, na mkanda uleule ukatoa picha 16. Shida ilikuwa moja tu: karatasi haina namba za kufika 16. Ndipo wakatoboa kidirisha cha pili. Namba 1 ikitokea kwenye kidirisha cha kwanza, unapiga. Unazungusha mpaka hiyohiyo 1 ifike kidirisha cha pili, unapiga tena. Kisha 2 kwenye cha kwanza, 2 kwenye cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Cha kwanza ni kile kilicho upande wa spuli, yaani kigurudumu cha kuzungushia filamu, inayotoa filamu. Ukivichanganya, picha zitapandana.

Kwa hiyo "Baby" hapo si jina la kubembeleza tu. Linakuambia kwamba kamera hii inakula nusu ya fremu ya besuto. Wajapani walikuwa na jina jingine la aina hiyo, "Semi", kwa kamera zilizogawa mara mbili fremu ya mkanda mpana zaidi. Kampuni iliyotengeneza kamera yako ilitoa pia Semi Pearl, mwaka 1938.

Kampuni hiyo ni Konishiroku. Ilianza kuuza vifaa vya picha mjini Tokyo mwaka 1873, na mwaka 1902 ikafungua kiwanda mahali palipoitwa Yodobashi. Kiwanda ndicho kilichoitwa Rokuosha, jina unaloliona kwenye lenzi. Mwaka uliofuata wakatoa Cherry, kamera ya kwanza ya Kijapani kuuzwa kwa jina lake. Pale kilipokuwa kiwanda sasa ni bustani ya umma, Shinjuku Chuo Koen, na kuna jiwe la ukumbusho la mahali ilipozaliwa sekta ya picha ya Japani. Toka Yokohama si mbali kwa treni. Nenda, na kamera yako uiweke mfukoni.

Sasa hili la kopi. Rafiki yako ana haki, lakini amesema nusu. Mwili wa Baby Pearl unafuata kwa karibu sana Baby Ikonta ya Zeiss Ikon, iliyotoka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930: mlango unaofunguka, mvukuto wa ngozi unaochomoza kama kodiani, mkanda uleule, picha ileile ya 3 kwa 4. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1925 Konishiroku walitoa Pearlette, nayo ikafuata Piccolette ya Contessa-Nettel wa Stuttgart. Mwaka 1926 Contessa-Nettel wakaungana na kampuni nyingine tatu, Ica, Ernemann na Goerz, wakawa ndio hao Zeiss Ikon. Kwa hiyo Konishiroku walibisha mlango wa nyumba ileile mara mbili, katika muda usiofika miaka kumi.

Lakini tazama lenzi. Hexar si ya Mjerumani. Konishiroku waliitoa mwaka 1931, nayo ndiyo lenzi iliyowajengea jina. (Baby Pearl za bei nafuu zaidi zilifungwa lenzi iitwayo Optor, yako ni ya daraja la juu.) Miaka miwili kabla ya Hexar, mwaka 1929, walikuwa wameshaanza kuuza filamu yao wenyewe, Sakura. Baby Pearl ilipotoka mwaka 1934, karani wa Tokyo aliweza kununua kamera, lenzi, filamu na karatasi ya kuchapia, vyote vya kampuni moja ya nchini mwake. Mimi siwezi kukiita kitu hicho "kopi tu". Mtu aliyeazima ramani ya nyumba kwa jirani, kisha akafyatua matofali yake mwenyewe, nyumba ni yake.

Na kulikuwa na sababu ya kuharakisha. Desemba 1931 Japani iliacha kuifunga yeni kwenye dhahabu, na thamani ya yeni ikaporomoka. Bidhaa za nje, kamera za Kijerumani zikiwemo, zikapaa bei. Mwananchi wa kawaida aliyetaka kamera nzuri ya mfukoni alibaki kuitazama Ikonta dirishani. Konishiroku waliliona pengo hilo.

Kilichonigusa kila nikiishika kamera hii ni mwaka wake. Mwaka huohuo wa 1934 Kodak walileta kopo dogo la filamu ya milimita 35 linalowekwa kwenye kamera mchana kweupe, lile tulilokuja kulijua sote studioni. Miaka miwili baadaye Canon ya kwanza ikaingia sokoni kwa filamu hiyo. Picha ya 3 kwa 4 ni kubwa kuliko ya milimita 35, sentimita za mraba 12 dhidi ya takriban 8.6, lakini kopo moja lilibeba picha 36, bila karatasi wala vidirisha. Kodak wenyewe waliacha kutengeneza 127 mwaka 1995.

Kuhusu umri wa yako: haiwezi kuwa ya kabla ya 1934. Iinamishe lenzi chini ya taa uangalie mng'ao wake. Ukiona rangi ya buluu au zambarau, kioo kimepakwa dawa ya kupunguza mwako, na kwenye kamera za kiraia za Japani hilo lilienea baada ya vita. Ukiona mng'ao mweupe mtupu, muuzaji yuko upande wa ukweli. Tafuta pia maneno "Made in Occupied Japan". Bidhaa za kuuzwa nje ziliyabeba kuanzia 1947 hadi 1952. Kama hayapo, peke yake hayathibitishi kitu, maana kamera za kuuzwa ndani hazikulazimika kuandikwa.

Kupiga inapiga, mradi tuihudumie. Ingia chumba cha giza, washa tochi ndogo ndani ya kamera na kuuzungusha mvukuto pole pole. Penye kona ndipo panapotoboka. Tundu dogo unaliziba kwa rangi nyeusi ya mpira, isiyo ngumu ikikauka. Shata, yaani mlango mdogo wa lenzi unaofunguka na kufunga unapopiga, ikiwa inakwama, usitie mafuta hata tone moja; yatasambaa kwenye vile vipande vyembamba na kuvigandisha. Mpe fundi aisafishe. Umbali utaukadiria kwa macho, kwa hiyo zoea kuhesabu hatua zako.

Filamu ya 127 haijafa kabisa. Huko Japani imewahi kuuzwa kwa jina la Rera Pan, ulizia maduka ya kamera za zamani. La sivyo, mafundi hukata mkanda wa 120, wenye upana wa milimita 61, ukabaki 46, kisha wakauzungusha kwenye spuli ya 127. Kazi yote hufanyika gizani.

Jambo moja usilisahau. Vidirisha vilikuwa vyekundu kwa sababu filamu nyingi za zamani hazikuona rangi nyekundu. Filamu ya leo inaiona. Bandika utepe mweusi juu ya vyote viwili, uufunue kidogo kivulini unapozungusha tu, na ukishaiona namba uufunike tena kabla hujainua kamera.