Kapeti na viti vya boti ya ski ya zamani: anza na kilicho chini

Swali: Fundi salaam aleikum. Nimenunua boti ya ski ya mwaka 1988, futi 19, injini iko katikati chini ya boksi, inalala majini hapo Mtwapa. Kapeti inanuka hata nikiianika siku mbili, viti vimepasuka na vile vyeupe vimeingia madoa ya pinki hayatoki hata na Jik. Nataka kubandika kapeti mpya juu ya hii ya zamani, alafu viti nimpe fundi wa makochi anivalishe reksini kama za matatu. Ninunue kapeti gani, gundi gani, na huyo wa makochi ataweza kweli?

Jibu: Wa aleikum salaam ndugu yangu, na hongera. Hizo boti za zamani zina umbo zuri, zinaacha wimbi dogo nyuma na zinakwenda sawa kama zimepigwa rula, inaniuma nikiona watu wanaziachia zife. Lakini kapeti juu ya kapeti usifanye, nakuomba sana, na nikueleze kwa nini.

Mchezo huu wa ski, wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, ulianza ziwani, Ralph Samuelson aliteleza mara ya kwanza Lake Pepin kule Minnesota, Marekani, mwaka 1922, na boti zake mpaka leo nyingi zinaundwa zikifikiriwa ziwa: zinaelea kwa maji matamu, jioni zinapanda trela zinalala gereji. Yako inalala kwenye chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, maji yakikauka ile chumvi inabaki kwenye nyuzi za kapeti, na chumvi ikikutana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwenda juu inavuta maji kutoka hewani na kulowa tena yenyewe. Sasa wewe waijua Mombasa usiku, shati ukilisahau kwa kamba asubuhi unalikuta baridi limelowa. Ndio maana unaanika siku mbili na bado inanuka, mchana inakauka juu juu usiku inakunywa tena, na chini ya hiyo kapeti kuna mbao.

Boti nyingi za miaka hiyo sakafu yake ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, chini yake kuna mihimili mirefu ya mbao, kama mataruma ya jahazi ila hii imelala kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), na katikati ya mihimili wamejaza povu gumu la kusaidia boti ielee. Kila skrubu ya kiti iliyopigwa hapo ni tundu. Maji yanashuka polepole kwa miaka, mbao inaoza bila wewe kuona, povu nalo linayanywa halitoi. Lita 100 zikijificha huko ni zaidi ya kilo 100 unazibeba kila siku na kuzilipia petroli. Nshaletewa boti kapeti mpya kabisa, rangi nzuri, mwenyewe kakanyaga karibu na kiti cha dereva mguu ukaingia mpaka kwa goti.

Kwa hivyo kabla ya duka lolote: ipandishe nchi kavu, toa betri, fungua boksi la injini na uliache wazi muda mrefu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unakaa chini ngamani, ndani ya tumbo la boti, hauonekani. Hapo usiwashe drili, usivute sigara, usimwage asetoni (ile dawa ya kusafishia gundi, inashika moto haraka) mpaka uwe na hakika harufu imekwisha. Hili sina mzaha nalo. Alafu toa viti vyote, ng'oa kapeti yote taratibu bila kuikata vipande vipande maana utaihitaji kama pateni. Chukua bisibisi ugonge sakafu kwa mpini wake, inchi kwa inchi. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu kali, iliyooza inajibu kwa sauti nzito kama unagonga godoro. Zidisha pale miguu ya viti ilipokuwa, kuzunguka boksi la injini, na kule tezi. Palipo na shaka toboa kwa drili ya milimita 6, funga tepu kwenye msumari wa drili usipite unene wa sakafu ukaja kutoboa boti yenyewe. Unga ukitoka mkavu na unanukia mbao shukuru Mungu, ukitoka mweusi umelowa hiyo sakafu imekwenda. Na ujaribu boliti zinazoshika injini, zikizunguka tu bila kukaza ujue mihimili imeoza, na hiyo sio kazi ya kapeti tena, hapo tafuta fundi wa faiba kwanza na pesa za viti uziweke.

Tuseme sakafu ni nzima, au imekatwa pabovu ikarudishwa plaiwudi mpya na epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili ikawa ngumu (epoksi inashika faiba ya zamani vizuri kuliko rezini ya poliesta, usikubali kuambiwa ni sawa tu). Gundi ya zamani itoe kwa patasi bapa na msasa, vaa maski na mikono mirefu, vumbi la faiba linawasha na ndani ya kifua ni baya zaidi. Kila tundu la zamani lijaze epoksi.

Kapeti taka ya polipropilini ya boti, nyuzi zake zenyewe hazinywi maji, na mgongo wake uwe mwembamba unaopitisha maji. Ile ya nyumbani yenye mgongo wa katani au sponji usiiguse hata ukipewa bure. Na mimi kwa boti ya chumvi siigundishi sakafuni. Paka sakafu rangi ya boti iliyochanganywa mchanga mwembamba usiteleze, alafu kapeti uishike kwa vifungo vya kubonyeza vya stenlesi, kingo zishonwe utepe, ukirudi baharini unaing'oa yote dakika mbili unaimwagia maji matamu unaitundika. Kila kifungo kabla hujakipiga tia silikoni ya boti kwenye tundu. Gundi weka mbavuni tu pale kapeti inaposimama, iwe ile ya kupaka pande zote mbili unasubiri mpaka ukiigusa inanata kidogo kidoleni ndio unabandika, isiyoogopa maji. Kukata: itandaze juani siku nzima ilegee, weka ile ya zamani juu, malaika za kapeti, yaani vinyweleo vyake, zote zielekee upande mmoja la sivyo rangi itaonekana mbili, acha sentimita 5 za ziada. Angalia boksi la injini likae vizuri juu ya kapeti mpya na usizibe njia zake za hewa. Kuna wanaoweka shiti za EVA, povu laini la plastiki, badala ya kapeti, ni nzuri, hazinywi maji, ila zataka sakafu iliyonyooka na kavu kabisa, na ukichukua rangi nyeusi utaungua nyayo.

Sasa viti, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Fundi wa makochi ataweza, tena hawa wa viti vya matatu wa hapa kwetu mikono yao naiheshimu sana, ila wamezoea kiti kisichoiona bahari, kwa hivyo vitu nunua wewe umpelekee. Yale madoa ya pinki hayako juu, ni vijidudu vinavyoishi ndani ya sponji iliyolowa, vinatoa rangi na ile rangi inapanda kupitia vinili (hiyo ngozi ya plastiki ya kiti) kutoka chini, hata usugue mpaka kesho. Na Jik acha leo hii, inakula uzi na kukausha vinili mpaka ipasuke. Maana yake sponji zote zatoka, kuvalisha ngozi mpya juu ya sponji ile ile ni kununua pinki nyingine. Sponji mpya iwe nzito, kilo 40 kwa mita ya ujazo kwenda juu, ile nyepesi ya godoro rahisi itabonyea watu wakirukaruka mawimbini. Chini ya kiti toboa matundu manne matano ya milimita 12 maji yatoke, lazima yatoke, mshono wowote unapitisha maji hata ufanyeje.

Ukiniuliza pesa ikiwa kidogo nianze na nini, nitakwambia uzi. Uzi wa pamba unaoza, wa nailoni una nguvu lakini jua linaula mapema kuliko poliesta, na sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua linatupita utosini Machi na tena Oktoba. Taka poliesta ya kazi nzito yenye kinga ya jua, saizi 92, sindano namba 20 hivi, na mwambie fundi mshono uwe milimita 4, akishona karibu karibu anatoboa vinili kama stempu itachanika kwa huo mstari. Vinili iwe ya boti yenye kinga ya jua na ukungu, reksini ya kawaida mgongo wake mara nyingi ni kitambaa kinachokunywa maji, wewe dondosha tone la maji kwa nyuma pale dukani uone. Rangi chukua nyeupe au ya mchanga, mapaja yatakushukuru.

Vibao vya chini vya viti navyo, plaiwudi ya boti ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti) au ubao wa plastiki mgumu. Ikiwa ni plaiwudi ipake epoksi mara tatu, kingo zote na ndani ya kila tundu, hapo kwenye kingo ndipo maji yanapoingilia. Pini za stepla ziwe stenlesi ya 316, aina inayostahimili chumvi, mguu wa milimita 10 kwa ubao wa milimita 12, na nenda na sumaku dukani, ikizishika kwa nguvu ni chuma cha kawaida, zirudishe, hizo zitatoa kutu na ngozi itaachia yote pamoja. Mwambie fundi asitupe ngozi za zamani, azifumue mshono kwa mshono, aandike namba, apige picha, ndizo pateni zake.

Epoksi na gundi hazipendi unyevu, kwa hivyo mvua za masika ziache zipite, na siku ya kazi subiri umande ukauke. Na ukimaliza usiirudishe kulala majini ukiweza, tafuta trela na kibanda cha makuti, viti visimamishe kwa ubavu hewa ipite, turubai la plastiki la kubana ndilo linalozaa ukungu.

Toboa hivyo vitundu wiki hii, kimoja kando ya boksi la injini na viwili kule tezi. Maji ya hudhurungi yakichuruzika nitumie picha kabla hujanunua hata mita moja ya kapeti.