Litazame neno lilipokaa: kwa wanaoanza sarufi ya Kiingereza

Nimesomesha tuisheni ya Kiingereza Chake Chake kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona kila msimu kwa wanaoanza ni kuzihifadhi aina nane za maneno kama wanavyohifadhi majina ya miezi: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Kuzijua ni lazima, na siku mbili zinatosha. Taabu huanza pale mwanafunzi anapoandika daftarini kwamba neno fulani ni kitenzi, akaamini kuwa litabaki kitenzi popote atakapolikuta.

Chukueni neno "dry", ambalo Mpemba atalihitaji mapema wakati wa karafuu. Katika "The cloves are dry" ni kivumishi, yaani karafuu ni kavu. Katika "We dry the cloves on mats" ni kitenzi, kwa kuwa sisi ndio tunaozianika majamvini. Umbo halikubadilika hata herufi moja. Kiswahili hakituachi gizani namna hiyo, kwani "tunaanika" imebeba nafsi na wakati ndani yake, na kivumishi hufuata ngeli, tukasema samaki mkavu na kiatu kikavu. Waliosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, chuoni wanajua pia kwamba Kiarabu hugawa maneno mafungu matatu tu, ismu (majina), fiili (vitenzi) na harfu (maneno madogo kama vihusishi na viunganishi), na kwamba irabu ya mwisho wa neno ndiyo inayoonesha nani kapiga na nani kapigwa. Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya alama kama hizo, kikabaki kutegemea mahali neno lilipokaa.

Kwa hiyo nawashauri, kabla ya kulipa neno aina yake, mtazame majirani zake. Likitanguliwa na "the" au "my" na hakuna nomino nyengine inayolifuata, aghalabu ni nomino. Likikubali kutanguliwa na "will", hapo ni kitenzi. Andikeni daftarini sentensi nzima, wala si neno pekee na maana yake, kwa sababu neno lililotolewa katika sentensi huwa limeacha nyuma nusu ya habari zake.

Vielezi nilijifunza kwa aibu. Nilipokwenda Unguja kuomba kazi katika hoteli moja na kuulizwa ninavyofanya kazi, nilijibu kwa kujiamini, "I work hardly", nikidhani kila kielezi sharti kiishie na "-ly". Kumbe nilikuwa nimesema kwamba kazi sifanyi ila kwa nadra. Nilitakiwa kusema "I work hard", kwani "hard" hutumika kama kivumishi na kama kielezi bila kuongezwa kitu, ilhali "friendly", pamoja na mkia wake huo, ni kivumishi.

Viwakilishi vinatutega kwa njia mbili. Kiambishi "a-" chetu hakibagui mwanamume na mwanamke, ndiyo maana wengi huchanganya "he" na "she". Pili, tunaposema "Baba alikwenda", nafsi imetajwa tena ndani ya kitenzi, nasi tukaihamisha tabia hiyo na kuandika "My father he went", ambapo "he" haihitajiki. Viunganishi na vihisishi havina taabu kubwa. Mtavizoea kwa kusoma.

Vihusishi ndivyo vitakavyowachelewesha zaidi. Sisi tunasema sokoni, mezani, melini, tukamaliza, na kama tunataka kufafanua tunatumia yupo, yuko au yumo. Hiyo "yumo" inakaribiana na "in", na "yupo" mara nyingi itawafikisha kwenye "at", lakini "on" haina mwenzake wa moja kwa moja, na hapo ndipo wanafunzi wangu huteleza. Tukiwa safarini kutoka Mkoani kwenda Unguja tunasema tumo melini, na mwanafunzi akaandika "in the ferry", wakati ilivyozoeleka zaidi ni "on the ferry". Lakini akipanda mtumbwi, "in" ndiyo sahihi. Kipimo ninachowapa, ambacho hakikosi mara nyingi, ni hiki: chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama meli, basi au ndege, huchukua "on", na kile ambacho hana budi kukaa tu, kama mtumbwi au teksi, huchukua "in".