Je, Kenya na Uganda zikiungana, uhamiaji haramu utakwisha?

Maswali ya wasomaji

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Nakuru. Nilifundisha somo la historia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimesikia hoja ya Wamarekani fulani kwamba dawa ya watu wanaovuka kutoka Mexico bila hati ni nchi hizo mbili kuungana, kwa kuwa hakuna anayeweza kuwa mhamiaji haramu ndani ya nchi yake mwenyewe. Hoja hiyo imenifanya nifikirie mambo ya kwetu. Mji huu wa Nakuru uliwahi kuwa ndani ya Uganda, na mara kwa mara tunasikia kwamba watu wamekamatwa Busia au Malaba kwa kukosa vibali. Je, tukiungana na Uganda, tatizo hili halitakwisha?
Mwalimu mstaafu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kumbukumbu yako ya historia ni sahihi. Hadi mwaka wa 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika maeneo ya Naivasha, kwa hiyo Nakuru na Kisumu zote zilihesabiwa upande huo, na reli iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901 iliitwa Reli ya Uganda kwa sababu wakati huo ilikuwa imefika Uganda kweli. Mwaka uliofuata Waingereza waliuhamishia mkoa huo kwenye himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo, pasipo kuwauliza Wateso, Wasamia wala Wabukusu, ambao jamaa zao walibaki ng'ambo ya mstari mpya. Lakini historia hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Idi Amin mnamo Februari 1976 alipodai kwamba magharibi ya Kenya yote, hadi kilomita zipatazo 32 kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda, na madai hayo yakatia hofu kubwa kati ya nchi mbili zilizokuwa zikitumia reli moja na bandari moja. Ndiyo maana siiegemei sana historia ninapojibu swali lako.

Hoja yenyewe ina ukweli ndani yake, na ni haki tuukubali kwanza. Uharamu wa mhamiaji hutokana na sheria iliyoandikwa, na sheria ikibadilika, mtu yule yule aliyekuwa mkosaji jana huwa msafiri wa kawaida leo. Mturkana anayekuja kutafuta kazi Kisumu hatuwezi kumwita mhamiaji haramu, na tukiwa nchi moja na Uganda, mtu wa Mbale naye hataitwa hivyo. Ila swali lako linauliza kama tatizo litakwisha, na hapo sharti tutazame yaliyowapata waliowahi kuungana.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja ya Wamarekani hao ni kisiwa cha Puerto Rico, ambacho Marekani ilikitwaa kutoka Hispania mwaka wa 1898, na wenyeji wake wakapewa uraia wa Marekani mwaka wa 1917. Tangu hapo Mpuerto Rico hahitaji viza wala kibali ili kwenda New York, naye hawezi kurudishwa kwao kwa nguvu. Je, waliacha kuhama? Sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 3.3 kisiwani, huku wenye asili ya kisiwa hicho wanaoishi bara wakiwa zaidi ya milioni 5. Kosa la kuvuka lilifutwa, lakini pengo la mishahara lilibaki, na watu wakaendelea kulifuata pengo hilo kama maji yanavyofuata mteremko. Jambo hilo hilo lilionekana Ujerumani baada ya Oktoba 3, 1990, siku Ujerumani Mashariki na Magharibi zilipoungana. Vijana wa upande wa mashariki waliendelea kuhamia magharibi kwa miaka mingi, ingawa serikali ilimimina fedha nyingi mno kuujenga upya upande wao, na wakati huo huo wageni kutoka nje ya nchi hawakupungua, kwani mwaka wa 1992 pekee zaidi ya watu 438,000 waliomba hifadhi katika Ujerumani hiyo iliyoungana.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa hoja hiyo. Nchi mbili zikiungana, mpaka husogea tu ukawa mbali zaidi. Marekani ikiungana na Mexico, mpaka wake wa kusini utakuwa na Guatemala na Belize, na watu wa Guatemala, Honduras na El Salvador, ambao tayari ni wengi miongoni mwa wasio na hati huko Marekani, watabaki vile vile walivyo. Tena wapo wasiopita mpakani kwa miguu kabisa, wanaoingia kwa ndege wakiwa na viza halali kisha wakakaa baada ya muda wao kwisha, na hao muungano na Mexico hauwagusi. Zaidi ya hayo, mwaliko huo hauwezi kumfikia Mmexico kama neno jipya, kwa maana vita vya Marekani na Mexico vilivyokwisha kwa mkataba wa 1848, pamoja na kutwaliwa kwa Texas miaka mitatu kabla yake, viliinyang'anya nchi yake karibu nusu ya ardhi.

Kwetu nako itakuwa hivyo. Tukiungana na Uganda, maafisa wa Busia na Malaba tutawahamishia Elegu, Mpondwe na Katuna, kwenye mipaka ya mbali ya Uganda, nasi tutakuwa tumepakana na Kongo na Rwanda, huku tukirithi jukumu la wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu ambao Uganda inawahifadhi. Silisemi hili kama lawama kwa Waganda, kwa kuwa nchi yao imewapa wakimbizi mashamba na ruhusa ya kufanya kazi kuliko tulivyofanya sisi. Nalisema kwa sababu anayeutaka muungano ili apunguze kazi ya mpakani ataiona kazi hiyo ikiongezeka.

Mwalimu, kinachoniumiza mimi katika jambo hili ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokitafuta tumekwisha kukiahidi bila muungano wowote. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, nayo inataja wazi uhuru wa watu kusafiri, wa wafanyakazi kutafuta ajira, na haki ya kuanzisha biashara na kuishi katika nchi mwanachama. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwaka wa 2018, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili.

Basi ni nani wanaoendelea kukamatwa? Simama Busia asubuhi, katika mji ule ulioipa lugha yetu neno bodaboda, utawaona: mama mwenye trei za mayai aliyepita njia ya panya kwa sababu aliamini forodhani atacheleweshwa hadi soko limalizike, kijana wa Tororo aliyevuka kihalali lakini akafanya kibarua cha shamba bila kibali cha kazi, msichana aliyeletwa kuwa yaya na tajiri wake akamnyang'anya kitambulisho. Hawa wanaijua Jumuiya kwa jina tu. Ahadi za nchi wanachama kuhusu wafanyakazi ziliwaelekea zaidi wenye taaluma na vyeti, nao wanaovuka kwa wingi zaidi ni watu wasio na cheti chochote. Tukitaka kupunguza uhamiaji haramu kati yetu na Uganda, njia fupi kuliko zote ni kibali cha kazi kisicho na gharama, kinachotolewa pale pale mpakani kwa yaya na kibarua kama kinavyotolewa kwa mhasibu.

Kuna kundi moja ambalo muungano ungelisaidia kweli, nami sitalificha ili jibu langu lipendeze. Ni wavuvi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, ilhali Uganda ina zaidi ya asilimia 40 na Tanzania inazidi hapo, na samaki aitwaye mbuta huenda anakotaka. Mvuvi wa Siaya, Homa Bay au Busia akifuata nyavu zake usiku hawezi kuuona mpaka majini. Hukamatwa, mashua na injini zikazuiliwa, na familia ikauza ng'ombe ili kumkomboa. Kisiwa cha Migingo, kidogo kuliko uwanja wa kandanda, kimegombaniwa na serikali mbili kwa miaka mingi kwa sababu ya samaki walio kando yake. Ziwa likiwa la nchi moja, angalau mateso hayo yangepungua. Hata hivyo naamini mkataba wa leseni moja ya uvuvi ungeyatibu mapema zaidi.

Nasema mapema zaidi kwa sababu muungano si jambo la kutia saini na kurudi nyumbani. Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi, Juni 1963, kwamba shirikisho lingekuwa tayari kabla ya mwaka huo kwisha, lakini halikuwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka wa 1967, wengi walidhani udugu umekwisha kuthibitishwa, ila mnamo 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao wakiwa watu wa huku kwetu Nyanza, na Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka wa 1977. Tanganyika na Zanzibar ziliungana kweli mwaka wa 1964, lakini Zanzibar bado ina kitambulisho chake cha ukaazi. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia mwaka wa 1952 na ikajitenga mwaka wa 1993, baada ya vita vya miaka 30. Na kwa upande wetu, Kifungu cha 255 cha Katiba kinataka kura ya maamuzi kabla ya kugusa eneo la Jamhuri. Mpiga kura wa Trans Nzoia atauliza kwanza habari za shamba, maana leo asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Swali lake litakuwa la haki, nalo litahitaji jibu refu kuliko hili.

SWALI: Mhariri, wifi yangu alizaliwa Tororo. Ameolewa na kaka yangu kwa miaka tisa kwa mila, na watoto wao wawili wamezaliwa hapa Kisumu. Hana kitambulisho cha Kenya, na kukiwa na msako hujifungia ndani. Kaka anasema tungoje shirikisho la Afrika Mashariki. Je, tungoje?
Msomaji, Manyatta, Kisumu

JIBU: Dada, msingoje. Mwaka wa 2017 marais wa Jumuiya walikubaliana kuanza na muungano legevu wa kisiasa, na hata huo haujakamilika. Watoto hao ni Wakenya kwa kuzaliwa, kwa kuwa baba yao ni raia, na Katiba katika Kifungu cha 14 haiulizi mama ametoka wapi. Wifi yako naye, kwa Kifungu cha 15, ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, maana anayehitajika ni mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba.

Pengo ni hati ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, ila inataka isajiliwe, kwa hiyo kaka na mkewe waanze kwa msajili wa ndoa, kisha waende ofisi ya uhamiaji hapa Kisumu wakiwa na cheti hicho, kitambulisho cha kaka, hati za Uganda za wifi yako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Waulize ada rasmi kabla ya kulipa, na wadai risiti. Uganda pia inaruhusu uraia pacha kwa anayeomba, hivyo aulizie upande huo mapema asije akaupoteza uraia aliozaliwa nao. Kabla ya hati kutoka, na akienda kuwaona wazazi wake Tororo, apite kituoni Malaba agongewe mhuri, asipite njia ya panya hata kama ndiyo iliyo karibu na kwao, kwa sababu mhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba aliingia kihalali.