Barua kwa mwanangu: kungoja nako ni kazi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Vois yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa barazani punda na watoto wakanishinda kwa kelele, nikaingia ndani nikafunga mlango. Umesema kampuni imefungua nafasi za ukapteni, ukichukua unakuwa wa mwisho kabisa kwa makapteni wa kituo chako na utakaa stendbai, kungoja simu ya kazi, mwaka mzima au zaidi, na ukibaki rubani msaidizi unaendelea kuchagua safari kama sasa, wikendi nyumbani, Idi nyumbani. "Baba ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nalitafuna hilo swali tangu Ijumaa. Nakuandikia wala sirudishi vois manake nikianza kuongea mamako atanidakia na mimi nataka nifike mwisho.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Huko Marekani kwenu kila kitu ni tarehe ya kuajiriwa, siku uliyoingia darasa la kampuni ndo imekupa namba, na namba hio ndo inaamua utaruka ndege gani, utakaa kituo gani, likizo yako lini. Kila mwezi mnapoomba ratiba kompyuta inaanza na mkubwa inampa anachotaka, inashuka, inashuka, mpaka wa chini apokee kilichobaki, na safari zikiisha waliobaki wanapewa siku za kungoja simu. Uhodari hauingii humo. Ukihama kampuni, hata uwe umeruka miaka 20, unaanza chini upya. Nikakuuliza sasa ukiwa kapteni namba yako inapotea? Ukaniambia hapana baba, namba ni ile ile, ila kwenye kiti kile cha kushoto wote waliokaa ni wakubwa zangu. Hapo nikashika. Hayo mimi nimeyaishi kwenye mashua pale gatini Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege hapa ng'ambo ya Lamu, wewe hujajua bado ndege inakaaje angani.

Mashua yetu ilikuwa ya 19. Lile daftari la foleni ushaliona, lenye jalada la plastiki, katibu akilishika kama msahafu. Wa mwanzo wanapakia wageni wa ndege za asubuhi wenye masanduku, wanavuka Lamu, saa sita mtu yuko kwake anakula. Sisi wa nyuma tunapewa akiba. Mashua mbili zibaki Manda mpaka ndege ya mwisho ishuke, kusije abiria wakakosa chombo, na ukibeba mtu au usibebe utapewa hela ya petroli. Nyinyi mna kiwango chenu cha mwezi mnalipwa hata simu isipolia, nashukuru Mungu kwa hilo, sisi ilikuwa petroli tu.

Na watu wakipita wanasema yule kalala mashuani mchana kutwa. Hawajui kuwa yule aliyelala sikio lake moja liko juu. Huwezi kuvuka kwenda kuzika, huwezi kukoga baharini ukajiachia, hata chai huimalizi. Nimesema miaka yote na nasema tena, kungoja nako ni kazi. Mwenye kubeba abiria anachoka mikono, mwenye kungoja anachoka pahali ambapo mtu haoni.

Sasa khitma yako. Najua ushaniambia yamepita, lakini kwangu hayajapita. Ulikuwa na miaka tisa, ndo unamaliza msahafu, na nilikuahidi alasiri ntakuwa pale mbele nimekaa na ami zako. Akiba ilikuwa yangu. Sikumuomba mtu tubadilishane manake nilipiga hesabu ndege ya mwisho inashuka saa tisa, navuka, nakoga, nawahi. Mvua ikaanza Nairobi huko, ndege ikachelewa. Saa kumi. Saa kumi na moja. Nikawa nasimama nakaa, nasimama nakaa, mwenzangu akaniambia utatoboa hio mashua. Ikashuka magharibi inaingia, abiria wawili, na wote wawili wana boti ya hoteli inawangoja. Sikubeba hata begi! Nikavuka mtupu, maji yametoka, nikaifunga mashua mbali nikatembea kwenye tope mpaka magotini. Nafika nyumbani umelala na nguo yako ile nyeupe, asmini imesinyaa kichwani, na pale karibu na mto kuna kawa, nafunua naona sahani ya halua uliyoniwekea. Kipande kimoja kilikuwa kimeng'atwa pembeni. Mamako akaniambia, alikungoja akashikwa na njaa.

Hicho kipande nakiona mpaka leo.

Basi ungesema baba jibu lako limeshatoka, nisiichukue. Na mjukuu wangu ana miaka minne sasa, hesabu naijua. Lakini ngoja, manake nikisema hivo nakuwa nimeficha nusu.

Ilinichukua miaka 11 kutoka 19 mpaka 4. Wazee wengine waliacha bahari, wengine walikufa Mungu awarehemu, na wewe umenisimulia yale ya kwenu kwamba Desemba 2007 sheria ilipandisha umri wa marubani kustaafu kutoka 60 mpaka 65, wakubwa wakakaa zaidi na nyuma foleni ikaganda, na mimi nikakwambia hio naijua, kwetu palikuwa na mzee wa namba 2 alikuwa haoni mbali na bado hatoki. Ila nilifika. Nikawa nachagua. Jioni moja ya Desemba, msimu umekolea, nishafunga hesabu zangu, kijana wa mwisho kwenye daftari akanijia mbio. Mkewe ameshikwa na uchungu, yuko hospitali peke yake na mama mtu, naomba mzee unishikie akiba yangu hii moja. Mimi nilikuwa nishafikiria wali wa mamako. Nikamwambia, mimi nimekaa hapo miaka 11, na wewe kaa.

Maneno yenyewe ndo hayo, sijapunguza. Akasema sawa mzee, akarudi mashuani kwake. Mtoto alizaliwa salama alhamdulillah, na yule kijana hajanitajia siku hata moja, tukikutana msikitini ananipa mkono kwa adabu na mimi natazama chini. Wewe sikukwambia hii, mamako pia hajui, atajua akisoma.

Kwa hivo ukiniuliza kukaa chini kunaumiza, ntasema ndio, kulinikosesha khitma yako. Lakini kukaa juu kulinifanya nimwambie mtu maneno yale, na sijui kipi kimeniumiza zaidi. Usije ukadhani nalaumu daftari. Kabla ya daftari aliyepakia ni yule mwenye ndugu yake uwanjani, au mwenye sauti kubwa, na sisi wengine tukigombana majini mbele ya wageni. Namba haimjui mtu. Na wewe mwenyewe ulinieleza jambo nikalipenda sana, kwamba kwa vile cheo hakitoki mkononi mwa bosi, kapteni anaweza kusema ndege hii leo siipeleki na mtu asimnyang'anye zamu yake. Hilo ni kubwa. Basi namba ni haki, nakubali, ila haki hio haikukatazi kumshikia mwenzako jioni moja, na mimi nilijificha nyuma yake.

Hata hio Idi yako nimeifikiria. Mnaomba ratiba wiki kadhaa kabla mwezi haujaanza, na Idi hujui mpaka mwezi uandame. Kwa ukubwa wako sasa unaomba siku zote mbili unapata, na mimi nafurahi kuwaona kwenye simu mmevaa. Wa chini hapati hata moja ya kubahatisha. Ukibaki ulipo, jua tu siku hio yupo mtu anaruka.

Linalonitia hofu lakini si hilo wala si cheo. Ni kwamba unaishi mji mmoja na kituo chako kiko mji mwengine. Leo unapanga safari zako uingie kwa starehe. Ukiwa stendbai ya kuitwa haraka umeniambia wanakutaka uwanjani kama saa mbili baada ya simu, sasa huwezi kungojea nyumbani kwako, itabidi ulale kwenye kile chumba cha vitanda vya kupandana na marubani wengine kumi. Nakumbuka ile ndege iliyoanguka karibu na Buffalo Februari 2009, watu 50 wakafa, yule rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini Newark. Wachunguzi walisema kosa ni namna kapteni alivoivuta ndege ilipompa onyo, sawa, hawakusema ni usingizi. Lakini mimi baba, nikisoma ile safari ya usiku nakuona wewe. Najua baadaye sheria zimebadilika, tangu Januari 2014 lazima upate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu na hio stendbai ya kuitwa haraka isizidi saa 14. Umenisomea. Ila sheria haikulazi usingizi, mwanangu. Ukichukua ukapteni hamieni karibu na kituo, au kubaliana na mumeo kwanza, hilo nalisema wazi bila kuzunguka.

Lile lingine silisemi. Mamako ananiambia mwambie tu achukue, kiti cha kapteni kikipita hujui kitarudi lini, na mimi nusu ya moyo iko naye manake nimekuona ukiwa mdogo unahesabu ndege pale Manda kwa vidole huku unanishika kanzu. Nusu nyengine iko kwenye sahani ya halua. Nilikuwa nimeshaandika jibu hapa, nikalifuta, nikaandika tena, nikafuta. Ukinibana sana kwenye simu ntalitoa, kwa hivo usinibane.

Ila ukichukua nitumie saa zako za stendbai kwa saa za huku Lamu. Ile Jumanne nilipokupigia ulisema uliruka kitandani ukashika yunifomu ukidhani ni kazini. Ntaziandika kwenye karatasi niibandike pale karibu na redio, na nduguzo niwaambie, saa hizo mtu asikupigie.

Babako