"Nilijua ni mume wako"

Wiki hii mmeuliza mwenye chapa afanye nini kujikinga na bidhaa feki na matapeli wa mtandaoni. Jibu langu lilikuwa mstari mmoja: wanunuzi waache kupenda vya bei ya kutupa. Nauza dagaa Mwanza, soko la Kirumba, pale Mwaloni, mwaka wa tisa sasa. Ni dagaa wa chanja, hawana mchanga, nawafunga kwenye mifuko yenye lebo yangu. Nimechoka kubebeshwa madeni ya matapeli.

Mwaka jana, Jumamosi saa nne asubuhi, akaja mama mmoja kutoka Kahama. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kibanda na simu mkononi, akatazama lebo, akanitazama mimi, akapaza sauti: "Ndiye huyu!" Neno hilo ukilitamka vile pale Mwaloni, wapagazi wanatua magunia. Mmoja akawa anasema, "Mayu, tulia, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, sikujua ananiambia mimi au yeye.

Picha ilikuwa yangu kweli. Mkono wangu, bangili yangu, mfuko wangu, hata ndoo ya bluu ya jirani ilionekana pembeni. Mtu kaichukua kwenye ukurasa wangu wa Instagram, akafungua wake wenye jina langu na nukta moja ya ziada, akawa anauza gunia kwa shilingi 140,000. Mama akatuma, na ya kutolea akaweka. Kesho yake akaambiwa mzigo umekwama stendi ya Nyegezi, aongeze 15,000 ya upakiaji. Akaongeza. Baada ya hapo namba haikupatikana tena.

Nikamuuliza alituma lini. Nilipohesabu, ilikuwa katikati ya mbalamwezi! Mtu yeyote wa ziwani anajua mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Dagaa wa bei chee siku hizo ni wa zamani au hawapo kabisa. Nikamweleza, tena kwa sauti ya ushindi, nakiri. Akanijibu: "Kahama mwezi tunautazama tu, mama." Watu wakacheka, nami pumzi ikanirudi.

Sikuishia hapo. Nikamuuliza: ulipokuwa unatuma, si jina lilitokea kabla hujaweka namba ya siri? Akasema lilitokea, la mwanaume. Sasa mbona ukatuma?

"Nilijua ni mume wako."

Nikanyamaza, maana namba yangu ya biashara, ile iliyochapwa kwenye lebo, imesajiliwa kwa jina la mwanangu. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole kitambulisho changu cha NIDA kilikuwa hakijatoka, tukatumia chake, na tangu hapo hatukubadilisha. Kila mteja wangu wa mbali ameshaona jina la kijana asiyemjua na akathibitisha tu. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Tulituma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, tukaenda kituo cha polisi, mama akapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Hela haijarudi. Mimi nilidhani cheti changu cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinanilinda, kumbe kile ni cha jina la biashara tu. Alama ya biashara ina usajili wake, miaka saba ya kwanza, kisha unahuisha kila kumi. Nimeomba. Lakini hata ningekuwa nayo siku ile! Tume ya Ushindani inakamata mzigo wa bidhaa bandia, na tapeli huyu hakuwa na mzigo, alikuwa na picha.

Na sisi kumgeukia mnunuzi tumezoea. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki Juni 2016, aliyebaki na plastiki mkononi alikuwa mnunuzi. Mimi nilikuwamo. Duka lililoniuzia lipo mpaka leo.

Kwa hiyo mstari wangu wa kwanza naufuta, ingawa si wote. Anayenunua simu ya laki tano kwa elfu hamsini anajua anachofanya. Ila kwa yule wa Kahama mwenye deni ni mimi: jina la kwenye lebo, la kwenye ukurasa na linalotokea mtu akilipa liwe moja. Lipa Namba, ile namba ya kupokea malipo ya biashara kwa simu, inatoa jina la biashara, nami nimeichukua, nimeibandika kibandani. Kwenye lebo bado ipo ile ya mwanangu. Nilichapisha lebo 3,000 na hazijaisha, na wateja wa zamani ukiwaambia wahame wanadhani umetekwa na tapeli. Mkinicheka mna haki.

Yule mama nilimpa nusu gunia. Jirani alinikataza, akasema nitakuwa nimekiri wizi. Sasa ni mteja wangu. Kabla ya kutuma hela hupiga simu ya video, nigeuze kamera nimwonyeshe ziwa, halafu anauliza mwezi una siku ngapi.